Wingu la Itamka na Tundu Lake

Siku Mkaguzi aliposhuka Itamka, kuku wanane walikuwa wakikaangwa mita kumi na moja kutoka kituo cha hali ya hewa, na mwenye kituo mwenyewe, Elineema Mughwai, alikuwa wa pili kwenye foleni.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Watu walikuwa wameshatoa viti nje na kugeuza nyuso magharibi, kwa sababu Wingu halikuwa limechelewa hata siku moja kwa miaka minne, na watu wa Itamka wakishazoea kitu hukidai kana kwamba walizaliwa nacho. Likaja. Maputo elfu tatu meupe, yamefungamana kama jamvi, yakapita juu ya mawe makubwa ya upande wa ziwa la chumvi, yakatanda juu ya mji. Kivuli kikashuka barabarani. Mbwa wakatoka mitaroni. Bibi Marieta, mama yake Elineema, mwenye miaka themanini na minane, akavuta kigoda chake barazani akaanza kupukuchua mahindi. Kabla ya Wingu, bibi huyo alikuwa anazimia kila Oktoba, mara mbili, na mara zote mbili siku za kufua.

Mji mzima ukapoa, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya Wingu palikuwa na tundu, upana wa kiwanja cha mpira, na jua lote la Singida lilipita kwenye tundu hilo likaanguka juu ya kituo. Ndivyo sheria ilivyotaka. Wingu lilikatazwa kufunika kipimajoto, maana likikifunika kitakuwa kinapima kivuli cha Wingu lenyewe. Mkoa mzima ulikuwa na Wingu moja tu. Kila baada ya siku kumi mtambo wa mkoa ulijumlisha vipimo vya vituo vyote, kisha ukalituma Wingu kwenye mji uliosoma joto kubwa kuliko mingine. Kwa miaka minne mfululizo mji huo ulikuwa Itamka.

Watu walisema ni baraka. Elineema alijua kuwa ni lami.

Kituo kilipojengwa, babu zao wakiwa vijana, kilikuwa peke yake mbugani: kibanda cheupe cha mbao juu ya miguu minne, kuta zake za vibao vilivyopishana ili upepo upite na jua lisiingie, na ndani yake vipimajoto vikining'inia kwa adabu. Kisha mji ukakifuata. Yakaja maegesho ya malori, lami nyeusi upande wa mashariki. Ikaja yadi ya mabati upande wa kaskazini, inayong'aa hadi kunguru hawatui. Ikaja mashine ya kukamua alizeti, na bomba lake likipuliza hewa ya moto moja kwa moja kuelekea kibandani. Mwisho akaja Penina, mdogo wake Elineema wa tumbo moja, na makarai yake matatu ya kuku. Hakuna aliyepanga. Kila mtu alijenga pale palipokuwa na nafasi, na palipokuwa na nafasi ni kandokando ya kituo, kwa sababu kituo hakigombani na mtu.

Lakini Elineema alikuwa amesoma vipimajoto vile kwa miaka ishirini na sita. Wiki ile lami ilipomwagwa, vilipanda nyuzi moja. Bomba la alizeti liliongeza nusu. Hali ya hewa ya wilaya nzima haiwezi kubadilika kwa sababu ya maegesho ya malori. Aliyaandika yote daftarini, kwa penseli, na daftari akaliweka chini ya godoro.

"Dada, paja au kidari?" Penina aliuliza.

Kabla hajajibu, foleni ikagawanyika katikati. Mkaguzi alikuwa mashine ya miguu mitatu, kimo cha mbuzi, na kichwani alivaa kofia ya ukindu. Haikuwa ya urembo. Akipata joto sana alianza kurudia maneno.

"Hamjambo wananchi," alisema. "Naomba kuonana na mwenye kituo."

Foleni nzima ilimwonyesha Elineema kwa vidole, haraka kuliko alivyopenda.

Penina akamletea mgeni chai, maana mgeni ni mgeni hata akiwa na miguu mitatu. Mkaguzi akachovya kidole kikombeni. "Nyuzi sabini na nne," alisema. "Ninashukuru sana. Mama Elineema, miaka kumi imetimia. Nimeleta Fomu ya Mita Mia."

Elineema alitoka kwenye foleni. Fomu hiyo aliijua. Mwenye kituo anaorodhesha kila kitu kilicho ndani ya mita mia kutoka kipimajoto, kisha anakula kiapo kwamba mazingira ya kituo chake ni sawa na mazingira ya wilaya. Yakiwa si sawa, vipimo vyake vinawekwa kando mpaka kituo kihamishwe au mazingira yake yarekebishwe.

"Si unaona mwenyewe?" alisema. "Una macho sita."

"Manane. Ninaona vizuri sana. Lakini sheria hainiruhusu kuandika. Mimi ninapima. Kuapa ni kazi ya mwenye ndugu."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Zamani mashine ndizo zilizojaza fomu, na miji ikajifunza kuzidanganya. Mji mmoja ulitandika zulia la kijani ukaliita malisho. Mwingine uliwasimamisha watu kuzunguka kituo wakiwa wameshika vioo, na siku hiyo walisoma nyuzi hamsini na moja, wakapelekewa Wingu na daktari kwa pamoja. Ndipo ikaamuliwa kiapo kiliwe na binadamu mwenye wazazi, ndugu na majirani papo hapo mjini, ili akidanganya aishi na uongo wake kila msiba na kila harusi. Tena asiape peke yake. Kituo jirani kilipaswa kuja kukagua na kutia saini, na yeye akakague cha jirani.

"Kesho tunakwenda Nkwae kukagua cha Mzee Ntandu," alisema Mkaguzi. "Keshokutwa yeye anakuja hapa. Hii ni chai nzuri. Sasa nyuzi sabini na mbili."

Saa tisa kamili Elineema aliingia tunduni, akafungua kibanda, akasoma. Vipimo vilijituma vyenyewe mkoani, lakini yeye na Mzee Ntandu wa Nkwae walikuwa wapimaji wa kizamani, na walisomeana kwa redio kila siku, kwa sauti, kama walivyofundishwa.

"Itamka hapa. Thelathini na saba nukta sita."

"Nkwae hapa. Thelathini na mbili kamili." Sauti ya mzee ilikuwa kavu. Kisha akasema alichokisema kila siku kwa miaka minne: "Itamka, poleni sana na joto."

"Asante," alisema Elineema, akazima redio haraka, kama alivyofanya kila siku kwa miaka minne, akarudi kivulini.

*

Jioni ile ile Mwenyekiti wa mji, Bwana Mpahi, aliitisha kikao cha dharura. Mpahi alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye uwezo mkubwa wa kuamini jambo lolote lenye faida kwa Itamka.

"Jambo ni dogo," alisema. "Keshokutwa pale kituoni pasionekane lami, wala bati, wala bomba, wala kuku. Paonekane mbuga. Tutandike ukoka juu ya lami. Tulete mbuzi."

"Mwenyekiti," alisema Elineema, "ukiondoa lami, bati, bomba na kuku, joto litashuka. Na joto likishuka, Wingu linaondoka."

Mpahi akafikiri. Ilionekana kwamba anafikiri, kwa sababu alifumba jicho moja.

"Basi paonekane pa baridi, lakini pawe pa moto."

"Haiwezekani."

"Mama Eli, wewe ndiye mtaalamu. Kazi ya mtaalamu ni kuwezesha."

Kikao kikapiga makofi. Penina alisimama na kumtazama dada yake usoni. "Dada, hakuna anayekuomba useme uongo. Andika tu 'majani na mifugo'. Si majani yatakuwepo? Si mbuzi watakuwepo? Halafu saini. Kumbuka na mama."

Elineema aliangalia chini. Tangu saa sita alikuwa akimkumbuka mama. Itamka bila Wingu ingekuwa na nyuzi thelathini na nne, thelathini na tano. Watu wangeishi, wangelalamika, lakini wangeishi. Ila Bibi Marieta na Oktoba zake? Je, yupo mtu aliyewahi kumzimisha mama yake kwa kutumia penseli? Na kwa upande wa pili, kulikuwa na miji minane isiyo na Wingu, na mmojawapo pengine ulikuwa na mama kama huyu, anayeanguka kweli kweli, kwa sababu ya karai la Penina.

Hakuipenda nafsi yake jioni hiyo. Alikwenda nyumbani akapukuchua mahindi na mama yake, na mama, ambaye hakuwa mjinga, alimtazama mara tatu.

*

Nkwae ulikuwa mji mkavu wa rangi ya vumbi, na katikati yake palikuwa na bustani ya peponi.

Hicho ndicho kilikuwa kituo cha Mzee Ntandu. Ukoka mbichi, mfupi, umekatwa sawasawa. Ua wa michongoma uliopunguzwa kwa kufuata kamba ili unyooke. Mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili za njia. Mpira wa maji ukizunguka polepole na kunyunyizia. Langoni palikuwa na kibao: Kituo Safi cha Mkoa, mara tisa mfululizo. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka sabini na miwili, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Alikuwa amestaafishwa mara mbili na mara zote mbili akakataa.

"Karibu, mama. Karibu, Bwana Mkaguzi. Msikanyage pale, nimepanda juzi."

Elineema alivuta hewa. Ilikuwa na ubaridi na harufu ya udongo uliolowa. "Mzee wangu, unamwagilia kila siku?"

"Asubuhi na alasiri. Miaka kumi na nane. Kitabu cha mpimaji kinasema kituo kiwe juu ya majani mafupi." Alikitoa kitabu chenyewe mfukoni, kimechakaa kama msahafu. Kilikuwa kimeandikwa na watu wa nchi ambako mvua inanyesha bila kuombwa, wala hakikusema lolote kuhusu Nkwae, ambako majani mafupi mwezi wa kumi ni mavumbi. "Watu wa hapa wanateka kisima kwa zamu, lakini hawajawahi kuninyima maji ya kituo. Wanajua ni kazi ya serikali. Wengine hupunguza ya kuoga."

Elineema alitoa kipimajoto chake cha mkononi. Bustanini, chini ya kivuli cha kibanda, kilisoma thelathini na mbili nukta moja.

Kisha akaomba ruhusa akawasalimie wagonjwa wa zahanati, akatoka langoni. Joto lilimpokea kama mlango wa tanuri. Alitembea hatua mia mbili, akasimama upande wenye kivuli, akangoja dakika zake tano kama alivyofundishwa, na akasoma thelathini na saba nukta nane.

Alisoma tena. Hakikubadilika.

Ndani ya zahanati mama wawili waliojifungua walikuwa wamelala chini, sakafuni, kwa kuwa sakafu ilikuwa na nafuu. Dirishani palitundikwa kanga zilizolowa. Kichanga kimoja kilikuwa na vipele vya joto toka shingoni hadi tumboni, na mama yake alikuwa akikipepea kwa kifuniko cha sufuria. "Shule wameifunga saa nne," alisema muuguzi. "Watoto wanaanguka mstarini. Na nyie wa Itamka je? Mzee hutuambia kwenu ni balaa."

Elineema aliaga haraka akatoka.

Aliporudi, Mzee Ntandu alikuwa akimngoja langoni na glasi ya maji, moja tu, ya mgeni. "Mama, wewe una akili," alisema taratibu. "Hebu niambie. Sisi tumekosa nini? Watu wangu wanaungua, mimi nawaona. Halafu naingia hapa, nasoma thelathini na mbili. Nimebadilisha vipimajoto mara nne. Nimevipangusa. Nasoma kwa macho yangu haya, sikosei. Kitu gani hakitupendi?"

Angeweza kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa matano tu: ni maji yako, mzee wangu. Lakini alimtazama amesimama kati ya mawe yake ya chokaa, miaka kumi na nane ya kuamka alfajiri, na moyo ukamsinyaa.

"Labda mwaka kesho," alisema, akanywa nusu ya maji, akarudisha glasi.

"Utatia saini fomu ya Nkwae?" Mkaguzi aliuliza.

"Kesho. Nitatia zote kesho."

"Sawa," alisema Mkaguzi. "Sawa. Sawa." Kofia yake ilikuwa imesogea.

*

Kesho yake Itamka ulipendeza kupita kiasi.

Malori yalikuwa yameondolewa. Juu ya lami palitandikwa ukoka uliokatwa uwanja wa mpira, ambao sasa ulionekana kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Yadi ya mabati ilifunikwa kwa maturubai ya rangi ya udongo. Bomba la alizeti lilizimwa. Penina na makarai yake walipelekwa nyuma ya posta. Tangu alfajiri boza lilikuwa linamwaga maji ili ukoka usinyauke, na mbuzi arobaini walizungushwa na Mwenyekiti Mpahi mwenyewe, aliyevaa suti, akijitahidi kuwafanya waonekane kuwa wamekaa pale siku zote.

Mkaguzi alitazama kwa macho yote manane.

"Pazuri," alisema. "Ninapenda kuwajulisha kwamba joto la kituo limeshuka nyuzi mbili na nukta nne tangu jana muda kama huu. Kwa mwendo huu, Itamka itakuwa ya sita mkoani kufikia Ijumaa. Hongereni."

Mpahi alisimama katikati ya mbuzi. Likafumba jicho la kwanza, likafumba la pili.

"Rudisheni makarai!" alipiga kelele.

Kilichofuata kilisimuliwa Itamka kwa miaka mingi. Boza lilirudi nyuma likakanyaga ukoka. Vijana waling'oa maturubai, mbuzi wakaingia yadi ya mabati wakapagawa kwa kishindo cha kwato zao wenyewe. Bomba lilikohoa, likawaka. Penina alitokea posta akikimbia, karai limejaa mafuta ya moto, huku akipiga mayowe "pisha! pisha!", na beberu mmoja, ambaye pengine ndiye peke yake aliyekuwa na mpango, alikula Fomu ya Mita Mia.

"Ninayo nakala," alisema Mkaguzi.

Katika vurugu hizo hakuna aliyemwona Mzee Ntandu akifika. Alishuka kwenye gari la mkoa saa sita kamili, shati lake jeupe limefungwa hadi shingoni, na wakati huo huo Wingu likatanda. Elineema alimwona akisimama ghafla barabarani. Kivuli kilimpita miguuni, kiunoni, usoni. Mzee akavua kofia. Akafungua kifungo cha shingoni, kitu ambacho Elineema hakuwahi kumwona akifanya, akainua uso juu, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Kumbe ndivyo lilivyo," alisema hatimaye. "Mama, watoto wa Nkwae wangelala." Kisha akamgeukia kwa tabasamu la kweli, la mtu asiye na kijicho. "Nafurahi kwamba ninyi mmelipata. Kwa joto lile lenu, mlistahili."

Hapo Elineema alishindwa. Alikuwa ameweza kuvumilia kikao, mdogo wake, hata mama yake. Ila kupongezwa na mzee huyu kulimchoma mahali ambapo hapakuwa na ngozi.

"Bwana Mkaguzi," alisema kwa sauti iliyowanyamazisha hata mbuzi. "Lete hiyo nakala. Ninaapa."

Alikwenda nyumbani akarudi na daftari la chini ya godoro. Akasimama tunduni, juani, mji mzima ukimtazama kutoka ukingo wa kivuli, akasoma.

"Lami ya malori, mita tisa, upande wa mashariki. Imeongeza nyuzi moja. Yadi ya mabati, mita thelathini, kaskazini. Imeongeza nukta saba. Bomba la alizeti, mita kumi na nne, linaelekea kibandani. Nukta tano. Makarai matatu ya kuku, mita kumi na moja." Aligeuza ukurasa. "Ya mdogo wangu, Penina Mughwai. Nukta tatu, Jumamosi nukta nne. Mazingira haya si sawa na mazingira ya wilaya. Nimejua hivyo miaka minne na sikusema."

"Dada!" Penina alisema, na mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Anasema ukweli," alisema Mpahi kwa huzuni, kana kwamba anataja ugonjwa wa mtu.

Elineema hakumaliza. Fomu ya pili ilikuwa ya Nkwae, na hiyo ndiyo iliyokuwa nzito. Alimtazama Mzee Ntandu. Mzee naye alikuwa amemtazama tangu alipotaja lami, na midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo, ikihesabu. Alikuwa mpimaji. Kama lami inaongeza, basi kuna kinachopunguza.

"Mzee wangu, nikae kimya?" aliuliza Elineema.

"Soma, mama."

"Ukoka unaomwagiliwa mara mbili kwa siku, pande zote. Ua unaozuia upepo wa moto." Alifunga daftari, kwa sababu lililobaki alilijua kwa moyo. "Bustanini thelathini na mbili nukta moja. Zahanati, hatua mia mbili, thelathini na saba nukta nane. Maji yanayokauka yanakula joto kabla halijafika kibandani. Kipimajoto chako hakijawahi kuipima Nkwae, mzee wangu. Kimekuwa kikiipima bustani."

Mzee Ntandu alitoa kitabu chake mfukoni. Alikifungua, akatafuta ukurasa, akausoma wote, akakifunga.

"Miaka kumi na nane," alisema. Halafu, "Na yale maji ya kuoga."

Alitia saini fomu zote mbili, kwa mwandiko safi, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Machozi yalimtoka Elineema waziwazi, juani, na hakuna mtu wa Itamka aliyetoka kivulini kumfuata.

*

Kituo cha Itamka kilihamishiwa nyuma ya makaburi, kwenye majani makavu halisi ya Itamka. Siku ya kumi na moja Wingu lilipita juu ya mji bila kusimama. Watu walikuwa wametoa viti, wakaligeuzia shingo mpaka lilipotokomea upande wa Nkwae, kisha wakageuza shingo zile zile kumtazama Elineema.

Penina hakumnyima kuku. Alimuuzia bila chumvi. Mpahi alimsalimia kwa kidole kimoja. Bibi Marieta, aliyekuwa sababu ya yote, alitundika kanga iliyolowa barazani, akaketi nyuma yake. "Kabla ya hilo shuka lenu nilizaa watoto saba," alisema. "Nikizimia nitaamka. Sogeza hayo mahindi." Mwezi huo alizimia mara moja, Elineema akiwa amemshika, akaamka akiuliza nani ameacha maji yakimwagika.

Na kila siku saa tisa redio ilisoma namba tu. Mzee Ntandu alifunga mpira wa maji, ukoka ukanyauka, kipimajoto kikapanda. Thelathini na tano. Thelathini na sita nukta mbili. Alizisoma sawasawa, kisha akakata. Lile neno lake la kila siku halikuwepo tena, na Elineema, ambaye kwa miaka minne alilikimbia, sasa alilingoja na kifaa sikioni mpaka mlio ukaisha.

Siku ya kumi na sita alikuwa nyuma ya makaburi, jasho linampita mgongoni.

"Itamka hapa. Thelathini na nne nukta tisa."

"Nkwae hapa. Thelathini na saba nukta tatu."

Alisubiri mlio wa kukata. Haukuja.

"Wingu lilifika huko?" Elineema aliuliza kwa hofu.

"Lipo. Shule imesoma hadi saa nane. Zahanati wamelala wote, hata muuguzi." Mzee alikohoa. "Mimi tu ndiye niko tunduni. Jua linanichoma utosini kweli kweli."

"Na bustani?"

"Imekufa, mama. Yamebaki yale mawe." Nyuma ya sauti yake Elineema alisikia mahali fulani mbali mtoto akicheka. "Kwenu je? Hakuna hata kivuli?"

"Hakuna."

"Basi, Itamka," alisema Mzee Ntandu, "poleni sana na joto."

Elineema alifuta uso kwa upande wa kanga. "Asante, mzee wangu," alisema, na hakuzima redio.